Bi Sikio na Kichaka cha Bwawani

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika Idara ya Bustani, mwenzetu tuliyezoea kumwita Bi Sikio anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mkuu wa idara ameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu, akanionya nisilete ubishi. Ombi gumu hilo. Mimi ndiye Darubini, niliyebishana na Bi Sikio kila majira ya machipuo tangu nilipoajiriwa, na katika ubishi wote huo nadhani nimeshinda mara mbili, mara moja akiwa na mafua.

Hakuanza na ndege. Alianza kwenye kibanda cha tiketi pale langoni. Wakati wa machipuo, ndege wadogo waimbaji wanaporudi kutoka nchi za mbali, hutua kwenye bustani yetu kula na kupumzika kabla ya kuendelea na safari. Bi Sikio alikuwa akichana tiketi huku akiwaambia wageni, bila kuinua uso, ni ndege gani anaimba juu ya paa la kibanda. Wageni wakaanza kung'ang'ania dirishani kuuliza maswali, foleni ikatoka hadi barabarani, na uongozi ukaona afadhali kumhamishia ndani kuliko kumgombeza kila siku. Hivyo ndivyo tulivyopata mwongozaji wetu wa kwanza wa matembezi ya asubuhi.

Jina alipewa na mafundi wa gereji. Siku moja alipita pale na kikombe chake cha chai, akawaambia kuna mkanda umelegea kwenye trekta la kukatia nyasi. Wakamcheka. Trekta likazimika katikati ya uwanja kabla ya chakula cha mchana, na tangu hapo wakawa wanamwita aje asikilize injini kabla hawajafungua hata nati moja. Sisi wa ofisini hatukulifurahia sana sikio lile. Alimjua kila mtu kwa hatua zake, kwa hiyo ukichelewa kazini hukuwa na namna ya kuingia kwa kunyata.

Matembezi yake yalikuwa na utaratibu mmoja usiovunjwa. Hakuna kuongea. Ukisikia sauti mpya, unainua kidole na kuonyesha ilikotoka. Hapo wote mnatazama: kwanza umbo, halafu mwendo, halafu namna anavyotikisa mkia, na rangi baadaye kabisa, maana rangi hudanganya kwenye kivuli. Jina linatajwa mwisho, na anayelitaja ni yeye. Kidole chake kilitangulia vya wengine wote, na mimi na darubini yangu ya bei mbaya tulibaki kuzungushazungusha lenzi tukitafuta tawi lenyewe.

Waongozaji wote mnaowaona leo wamepita mikononi mwake. Ni yeye aliyewashawishi wakata nyasi waache upande wa viota hadi makinda waruke. Ni yeye pia aliyetoa mbao za zamani za matangazo, zile zilizoandikwa "ndege mbalimbali", akasema kama hatuwajui basi tunyamaze. Mengine yamo kwenye taarifa za idara. Mimi nataka kusimulia wiki moja tu ya machipuo ya mwaka jana.

Mnakumbuka jinsi kichaka cha bwawani kilivyokuwa kikatwe chote ili kupanua maegesho ya magari. Uamuzi wa mwisho uliwekewa sharti moja. Kama ndege tunayemwita Ngazi bado anatua pale, kichaka kitaachwa. Kama hatui, mashine iingie. Na ilikuwa lazima atambuliwe mbele ya msimamizi wa ujenzi, kwa neno la Bi Sikio.

Tatizo la Ngazi ni pacha wake, Saa. Wote wawili ni wadogo, wana rangi ya jani lililokauka, na wanarukaruka ndani ya majani bila kutulia. Saa ni wa kawaida, wamejaa hadi kwenye ua wa gereji. Kwa kuwatazama ndani ya kichaka, hata mama zao wangekosea. Kinachowatenganisha ni wimbo. Saa ana noti mbili tu, juu na chini, juu na chini, kama saa ya ukutani, ndiyo maana tukamwita hivyo. Ngazi huanzia juu na kuteremka hatua kwa hatua mpaka sauti inapoishia.

Jumatatu asubuhi tulisimama pale tukiwa kundi dogo, waongozaji wengine wakiwa na wageni wao. Mashine ya njano ilikuwa imeshaegeshwa kando ya barabara. Msimamizi wa ujenzi, mtu mstaarabu mwenye haraka, alikuwa na kofia ngumu kichwani na simu mkononi. Upepo ulikuwa ukichezea majani na malori yalikuwa yakipita nyuma yetu. Tukasubiri. Mkuu wetu alikuwa akitembea huku na huko, na mimi nilikuwa nimeinua darubini.

Kisha ndege mmoja akapanda kwenye kijitawi cha nje, akainua kichwa, akaimba. Nikainua kidole. Nikageuka kumtazama Bi Sikio, maana sikuwahi kumtangulia hivi hivi. Mikono yake ilikuwa mfukoni mwa koti. Alikuwa akimkazia macho ndege yule, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Anaimba?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nilidhani ananijaribu. "Anaimba, dada."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Baadaye mumewe aliniambia kwamba kwa miezi kadhaa ni yeye aliyekuwa akikimbia jikoni kuzima birika likipiga mluzi, huku mkewe amekaa karibu yake anasoma. Sauti nene zilikuwa zimebaki, sauti nyembamba zilikuwa zimemtoka. Yeye mwenyewe alikuwa hajagundua. Alidhani mwaka ule ndege wamechelewa. Aligundua pale pale mbele yetu, akiangalia koo la ndege linacheza bila sauti, na nilimhurumia mpaka nikashindwa kumtazama.

"Mama," msimamizi akasema, "ndiye au siye?"

Neno moja tu lilitosha. Angeitikia tu kwa kichwa, mashine ingerudi ilikotoka, na hakuna mtu katika mji huu ambaye angethubutu kumpinga. Nilimwomba kimoyomoyo aitikie.

"Simsikii," akasema, kwa sauti ambayo hata dereva wa mashine aliisikia. "Namwona anaimba, lakini simsikii. Kwa hiyo siwezi kusema ni nani."

Mkuu akainamia viatu vyake. Msimamizi akatazama simu, kisha akatutazama sisi. Ndipo Bi Sikio akanigeukia mimi, mpinzani wake wa miaka yote.

"Piga mluzi. Kama ulivyomsikia, usiongeze kitu."

Mluzi wangu ni mnene, aliweza kuusikia. Na nyimbo zote mbili nazijua. Nilijua nilichosikia, na nilijua kile ambacho kila mmoja wetu pale alitaka nikisikie. Hakukuwa na sikio jingine la kunisuta. Simu zetu zilikuwa zimenasa upepo na malori tu. Nikakunja midomo, ikatoka pumzi tupu, msimamizi akacheka kidogo. Nikalamba midomo, nikajaribu tena. Juu na chini. Juu na chini.

"Haishuki mwishoni?" akaniuliza.

Alinifungulia mlango, ningeweza kupita. "Haishuki, dada."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akamgeukia msimamizi. "Basi ni Saa. Huyu ni wa kawaida."

Hasira iliyonipata sikujua niielekeze wapi. Lakini msimamizi hakumwita dereva. Alivua kofia, akajikuna kichwa. "Mimi nilikuja nimejiandaa kubishana na mtu," akasema. "Hili sikujiandaa nalo." Bi Sikio akamwambia kwamba msimu bado haujaisha, ndege wengine wako njiani, akaomba siku chache. Akapewa mpaka Ijumaa.

Wiki ile sitaki ijirudie. Tulifika kabla jua halijapanda, tukasimama palepale. Bi Sikio alitazama vichaka na mimi nikasikiliza, kila mmoja akifanya kazi ya mwenzake na kuilalamikia. Akiona jani limetikisika ananigusa kiwiko, mimi nasikiliza, natikisa kichwa. Saa. Saa tena. Siku moja ilinyesha mvua tukarudi tumelowa chapachapa. Mkuu akaacha kutuuliza habari, akawa anatusoma usoni tu.

Ijumaa dereva alikuwa ameshapanda kwenye mashine na kuiwasha. Bi Sikio akamfuata, akasimama mbele ya gurudumu. "Mwanangu, izime kidogo." Dereva akasema amepewa amri. "Kunywa chai yako, ukimaliza uiwashe." Akaizima, akamimina chai kutoka kwenye chupa, na nikamwombea chai ile iwe ya moto sana.

Alikuwa amefika nusu ya kikombe niliposikia upande wa bwawa sauti nyembamba ikianzia juu. Ikateremka. Ikateremka tena, ikaishia. Nikainua kidole. Bi Sikio akafuata kidole, akamwona ndege, akanitazama. Nikapiga mluzi kama nilivyosikia, kuanzia juu hadi chini. Msimamizi akatega sikio, akasema kwake yeye wote wanalia ti-ti-ti.

"Na huyu bwana si anakitaka kichaka?" akamwuliza Bi Sikio, akininyooshea kidole.

"Anakitaka sana."

"Wewe mama umemsikia huyo ndege?"

"Sijamsikia. Lakini Jumatatu alikitaka vilevile, na akasema ni Saa."

Msimamizi akanitazama, akakitazama kichaka. Kisha akamwashiria dereva aimalize chai yake yote. Baadaye walikubaliana upande wa barabara, ambako Ngazi hatui, ukatwe, na huko ndiko mnakoegesha magari yenu, langu likiwemo, na kila asubuhi naona aibu kidogo. Upande wa bwawa umesimama. Machipuo ya mwaka huu Ngazi wamerudi, na safari hii hawakuwa mmoja.

Bi Sikio aliomba mwenyewe kuacha kuongoza matembezi, akamalizia utumishi wake kwa kuwafundisha wapya kutazama mikia. Hakutaka kuonewa huruma. Binti yake amemnunulia vifaa vya masikio. Anasema vinamletea zaidi makelele ya mumewe, ambaye ana sauti nene na hajawahi kumpotea.

Dada, kwa niaba ya idara nzima, kuanzia gereji hadi lango la tiketi, tunakushukuru kwa miaka uliyotupa na kwa kazi uliyoifanya bila kutubembeleza. Tunakuombea afya njema, mapumziko yenye raha, na bustani ndogo ya kukusumbua nyumbani. Mimi binafsi nimeachiwa kazi ya kutaja majina, na bado inanitisha. Machipuo yajayo nitasimama pale bwawani mbele ya watu, na nitasema ninachokisikia, hata kama si tunachokitaka.