Mtamba Aliyekabiwa Juu

Mama Noela alikuwa akichambua mawe kwenye mchele wa jioni, huku akisikiliza benchi lililoegemea ukuta wa nyumba yake, pembezoni mwa Kahama. Benchi hilo lilikuwa na makocha watatu na timu moja, na timu yenyewe ilikuwa imefungwa sita bila jana kule Samuye. Kocha wa kwanza alikuwa Valerian, aliyeitwa Profesa kwa sababu simu yake ilikuwa na kioo kikubwa kuliko za wenzake. Wa pili alikuwa Ignas, au Duara, mchimbaji ambaye duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, lilikuwa halijatoa dhahabu tangu masika. Wa tatu, kwa bahati ya Mama Noela, alikuwa mumewe, Masalu.

Profesa alikuwa amepanga vikombe vya kahawa chini. Alieleza kwamba ukipoteza mpira huna sababu ya kurudi. Unapanda na kumkaba adui langoni kwake kabla hajapumua. Kosa la jana lilikuwa kukabia juu nusunusu.

— Kipa naye apande, alisema Duara. Anafanya nini kule peke yake?

Masalu hakukubali kupitwa. Alitaka hata wachezaji wa akiba wakasimame nyuma ya goli la Samuye, wampigie kipa kelele.

Mama Noela akatoa jiwe jingine.

Hapo Noela akatokea uani, akihema.

— Mama, mtamba amekata kamba. Anaelekea barabarani.

Ng'ombe huyo alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza, na watoto wa nyumba hiyo walikuwa wakinywa uji mkavu, bila maziwa, wakimsubiri azae. Barabarani malori ya mpunga na mabasi hayapunguzi mwendo kwa sababu ya mimba ya mtu yeyote.

— Shemeji, tulia, alisema Profesa akiinuka. Sasa utaona kwa vitendo.

Mama Noela hakutulia. Alimnong'oneza binti yake, akampa ndoo ya pumba, kisha akawafuata makocha, ungo bado mkononi.

Walimkuta mtamba nyuma ya mashine ya kukoboa, akila maganda kwa raha zake. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, kutulia. Wote watatu walimvamia kwa mbele.

— Duara, funga kulia!

— Masalu, usimwache ageuke.

Mtamba aligeuka. Aliwaacha wote watatu kwa hatua moja, akakimbia kwa mwendo ambao mwenye mimba hapaswi kuwa nao. Mbele yake kulikuwa na uwanja mtupu, halafu lami. Makocha walisimama, mikono kiunoni, kama timu inayotazama bao likiingia.

Lakini ukingoni mwa lami alikuwa amesimama Noela na ndoo yake. Hakukimbia, hakupiga kelele. Mtamba alipunguza mwendo, akanusa, akaingiza mdomo kwenye pumba. Lori likapita nyuma yao.

Mama Noela alifika, akafunga kamba upya. Ndipo akauliza:

— Nisingemtuma huyu, huku nyuma mlikuwa mmemwacha nani?

Profesa alimtazama Duara. Duara alimtazama Masalu. Masalu aliukagua uwanja, kana kwamba mtu huyo angejitokeza.

Njiani kurudi, Profesa alikuwa ameshagundua kwamba walikuwa wakimsukuma mtamba kwa Noela makusudi. Duara aliafiki. Benchini, kuku wawili walikuwa wakipita katikati ya vikombe vya mbinu bila kukabwa na yeyote.

Jua lilipozama, Mama Noela alipakua wali na maharage. Kabla ya kuketi alihesabu, akaanzia zizini: mtamba yupo, na alipomshika ubavu, ndama alipiga teke. Watoto wanne, wapo. Masalu alikuwa wa mwisho, amejikunyata mlangoni.

— Hapo umekaa kukaba au kula?

— Kula, Mama Noela.

Akampa sahani.