Shangazi Nyosha na Upande wa Pili wa Shuka

Shangazi Nyosha, dobi mkuu wa hospitali yetu, anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Mimi ni fundi wa mashine zake za kufulia, na nimeombwa niandike kwa utulivu. Nitajaribu, ingawa utulivu ni kitu ambacho mimi na yeye hatukujaliwa.

Aliajiriwa enzi za kufua kwa mikono kwenye makaro ya saruji, akapanda hadi kuwa mkuu bila kuacha kusimama. Kiti alichonunuliwa siku alipopandishwa cheo kina nailoni ya dukani hadi leo. Alikula akitembea, akipokea simu akitembea, na akikukaripia ilibidi umfuate nyuma ili usikose mwisho wa maneno.

Jambo moja tu lilimtuliza: kukunja mashuka. Kwake shuka hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja anashika pembe zake, mnarudi nyuma, mnavuta mpaka likaze, yeye anasema "Nyosha!", na ndiko lilikotoka jina. Kisha mnatembea kukutana, kimya kabisa. Katika kimya hicho alimwombea mgonjwa atakayelilalia. Ukipiga porojo, linakunjuliwa, mnaanza upya.

Daktari bingwa wa upasuaji aliwahi kuja akifoka kwamba mashuka yake yamechelewa. Shangazi akampa pembe mbili. Bingwa wa watu akavuta, akatembea, akanyamaza. Tangu hapo, kila akikabiliwa na upasuaji mgumu alishuka mwenyewe, akisingizia kuulizia mashuka.

Nilimuuliza kwa nini hataki mashine ya kukunjia, wakati mimi niko tayari kuifunga. Akanijibu kwamba shuka ndilo lililomfundisha kusali. Kurudi nyuma na kuvuta, alisema, ndiko kumcha Mungu: unakumbuka Yeye ni nani na wewe ni nani. Kusogea mbele ndiko kumkaribia. Anayevuta tu bila kusogea atabaki na Mungu wa mbali mpaka afe. Anayekimbilia kukumbatia bila kunyoosha ataambulia makunyanzi. Mhubiri mgeni alipokuja kutuongoza sala ya asubuhi, akawa anamwagiza Mungu lete hiki, fanya kile, Shangazi alimvuta pembeni akamwambia, "Mwanangu, uliyekuwa unaongea naye ni Bwana, si mhudumu wa kantini."

Sasa niseme kinachoninyima raha. Siku za mwisho kabla ya likizo yake ya kustaafu, Shangazi alianza kukunja kila kitu, mpaka vitambaa vyangu vya kufutia grisi. Nilipomdadisi alinitolea ya moyoni. Mumewe amelala katika Bwana, watoto wana miji yao, nyumba iko kimya. Anapiga magoti kama mchungaji wake anavyomwelekeza, anafumba macho, na hahisi kama kuna mtu. Miaka yote alikutana na Mungu hapa kazini, akiwa wima. Aliogopa kwamba akikabidhi funguo atakuwa amemkabidhi na Yeye.

Sanduku langu lina spana za kila aina, lakini halina ya jambo hilo. Nililala vibaya kwa ajili yake, na kila mashine iliponguruma nilimfikiria.

Wiki iliyopita nilikwenda kumjulia hali. Nilibisha hodi, hakuitika. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu, nikausukuma kidogo. Shangazi alikuwa amesimama sebuleni na shuka lake la kitandani. Pembe mbili alikuwa amezifunga kwenye nondo za dirisha, mbili amezishika. Alirudi nyuma, akavuta mpaka likakaza, akatulia hapo kwa muda. Kisha akaanza kutembea kuelekea dirishani, midomo ikicheza, machozi yakimtiririka. Sikuthubutu kuingia. Nilingoja nje, mimi nisiyejua kungoja.

Alipotoka hakuuliza nimeona nini. Alisema tu, "Yupo, mwanangu. Nilikuwa sijavuta vizuri." Halafu akanituma nikachemshe chai, huku akinifuata nyuma nyuma kuhakikisha sikosei.

Shangazi, asante kwa kila shuka, na kwa kila mgonjwa aliyelala juu ya sala yako bila kujua. Huku tunaendelea kuvuta na kunyamaza, na anayepiga porojo anaanza upya. Mungu akujalie afya na miaka mingi ya furaha. Zawadi yetu kwako ni kile kiti, pamoja na nailoni yake. Hatutarajii ukikalie. Mgongo wake ni imara, na pembe mbili za shuka zinafungika vizuri.