Mzinga Uliokosa wa Kuupokea

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemsindikiza leo, nyumbani aliitwa Baba, na mjini Bwana Kutu. Jina hilo la pili alipewa na wateja wake. Alilizoea kiasi kwamba mtu akimwita kwa jina la kwenye kitambulisho, aligeuka kuangalia nani kaingia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa nne wa mwashi na mkunga. Wodi ya wazazi wakati huo ilikuwa ndani ya ghala la forodha lisilotumika tena. Mama yake alipenda kusimulia kwamba siku ile mvua ilinyesha, paa likavuja, na mtoto akaogeshwa kabla hajakatwa kitovu.

Alisoma katika shule ya msingi ya mji hadi darasa la saba. Madarasa yalikuwa kambi ya zamani ya askari. Marehemu alifaulu hesabu na kushindwa kukaa kimya.

Baadaye alijifunza uhunzi kwa mjomba wake, na mwaka 1974 akafungua yadi ya vyuma chakavu kando ya ngome kongwe. Ngome yenyewe mnaijua ilivyokuwa: mbuzi walilala chini, nyuki walikaa juu, na ukuta mmoja ulichorwa goli. Wageni waliokuja kuitazama walipiga picha haraka wakiwa wameziba pua.

Tarehe 8 Agosti 1976 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili. Alikuwa amepeleka suruali kushonwa, kisha akairudisha kupunguzwa, akairudisha tena, na tena, mpaka fundi akamwambia kitambaa kinakwisha, aseme anachokitaka. Akasema.

Mwaka 1998 Mama, huyo fundi wake, alishikwa na kikohozi, akaagiza asali. Siku hiyohiyo wanaume wawili walimsimamisha marehemu njiani, wakamwambia wana mzinga kutoka ngomeni, mkubwa, mzito, na wako tayari kuufikisha mpaka nyumbani. Marehemu aliwajua nyuki wa ngomeni na utamu wa asali yao. Alilipa palepale, akaendelea na shughuli zake. Aliporudi alimkuta Mama amesimama uani, mikono kiunoni, mbele ya mzinga wa chuma, wa vita, uliolala juu ya tuta lake la mchicha.

"Niliomba asali," Mama alisema.

Kesho yake marehemu alikwenda boma la wakoloni, kwenye ofisi ya afisa wa mambo ya kale, kumweleza kwamba mzinga wa serikali uko uani kwake. Afisa alimjibu kwamba mizinga yote ipo mahali pake, kwani ungeibwa hata mmoja, yeye angekuwa ameshatoa taarifa. Marehemu akamwomba waende wakatazame. Afisa akasema jua ni kali.

Habari zikaenea. Marehemu akaitwa mwizi, wateja wakapungua. Mama naye akaacha kwenda kwenye chama chake cha akina mama, kwa sababu kila alipoingia mazungumzo yalikatika. Hilo ndilo lililomuuma marehemu kuliko yote.

Akaamua kuurudisha mwenyewe. Yeye na shemeji zake wawili waliuburuta kwa mkokoteni mchana kweupe. Mlinzi wa ngome, ambaye hakuwahi kumwona mtu akitoka na kitu, siku hiyo alimwona mtu akiingia nacho. Marehemu alishtakiwa kwa kuvunja na kuingia, ingawa mlango wenyewe ulishang'olewa zamani, na mzinga ukarudi uani kwake.

Kesi ilisikilizwa bomani, karani akihamisha ndoo kila matone ya paa bovu yalipohama. Hakimu, mama mmoja mpole, alimuuliza mshtakiwa kwa nini alinunua mali ya serikali.

"Mheshimiwa, mimi nilinunua asali."

Watu walicheka mpaka hakimu akavua miwani. Afisa akaitwa, akaapa kwamba hakuna mzinga uliopungua. Hakimu akaamuru mahakama nzima ihamie ngomeni. Pale pa mzinga uliokosekana walimkuta mbuzi na wanawe wawili, wamelala raha mustarehe. Hakimu alimtazama afisa.

"Huyu ndiye mzinga?"

Kesi ikaishia hapo. Mzinga ulirudishwa siku hiyohiyo, ukisukumwa na polisi, karani na afisa mwenyewe. Mama alitangulia mbele, akitembea taratibu makusudi, na akawapitisha nyumbani kwa mwenyekiti wa chama chake, ingawa haikuwa njia.

Tangu hapo, bawaba, komeo au nondo ya jengo la zamani ikiletwa yadini, marehemu aliichukua na kwenda kuipachika ilikotoka. Lango la ngome mnaloliona leo ni kazi ya mikono yake. Halmashauri ilimshukuru, ikamkumbusha kwamba hakuwa na kibali.

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na mapafu. Mwaka huu alilazwa katika wodi ya wanaume, jengo kuukuu lenye dari ya juu, na siku ya kwanza alimwambia daktari kwamba mlango ule unahitaji mafuta kuliko yeye anavyohitaji dawa. Alasiri ya mwisho, Mama akimkanda miguu, alimuuliza jambo alilokaa nalo miaka yote.

"Wakati ule wa kesi, ulishawahi kudhani niliiba?"

"Siku moja tu," Mama alisema.

"Siku gani?"

"Jumatano. Ulirudi nyumbani unapiga mluzi."

Alicheka, akakohoa, akacheka tena, hadi muuguzi akaja kuona kuna nini. Alifariki asubuhi iliyofuata, tarehe 3 Juni 2023, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mama.

Marehemu ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, na mdogo wake wa kike, aliyesafiri kutwa nzima kuja kumgombeza kwa kutangulia bila kuaga.

Baba, umechoka. Lala sasa kwa amani.