Buti za Dorsey Hunnicutt, Aliyengoja Kuapa

Ndugu zangu, kabla ya tarehe za maisha ya marehemu naanza na kishindo, maana tangu Jumanne usiku wa manane nakisikia, buti zinapanda ngazi za barazani, hatua nne, zinasimama mlangoni, nafungua, hakuna mtu, na mama mkwe wangu, Mama Verlene, ananiambia, "Mwanangu, ni mbao tu hizo, lala," lakini yeye mwenyewe halali.

Mume wangu, Dorsey Hunnicutt, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1995 hapa Lumberton, Karolina Kaskazini, akasoma hapa hapa, akaingia jeshini Septemba 2013, akapanda hadi usajenti, tukaoana tarehe 4 Mei 2019. Chanjo ya Korona ilipokuwa amri jeshini alikataa, na mkuu wake, Sajenti Meja Pruitt, huyu aliyekaa mbele, akamtania, "We Hunnicutt, risasi huogopi, sindano ndiyo ikukimbize?" wakacheka wote, yeye hakucheka, na tarehe 25 Machi 2022 akaachishwa. Miaka mitatu aliezeka mapaa ya watu, na kila Jumapili akizipiga kiwi buti ambazo hakuwa na pa kuzivalia. Binti yetu Opal alizaliwa tarehe 18 Oktoba 2024.

Tarehe 12 Mei mwaka huu waliokataa chanjo walipofunguliwa mlango, ikaja barua ya kumrudisha jeshini, kilichobaki ni kiapo tu awe askari tena, na angeweza kuapa wiki ileile, nikamsihi, "Baba Opal, si ukaape tu yaishe," akasema, "Hapana, walionicheka ndio watakaouona mkono wangu ukiinuka," akachagua Ijumaa tarehe 20 Juni, siku ambayo kikosi chake cha zamani kingekuwepo. Jumapili tarehe 15 gari lake likagonga kulungu, Jumanne akafariki hospitalini, hajaapa.

Kwa hiyo karatasi zinasema tunazika fundi wa mapaa, na jina lake lisiitwe. Mnaijua desturi ya kumzika askari, mkuu huita majina ya kikosi, wazima wanaitika, la marehemu linaitwa mara tatu, kimya kikijibu ndipo anaruhusiwa kwenda, na mume wangu hajaruhusiwa. Buti zake ziko miguuni mwake humo kwenye jeneza tangu Jumatano, na jana usiku nilizisikia zikivuka mlango, zikasimama kando ya kitanda cha mtoto.

Tunawashukuru madaktari, majirani mlioleta vyakula, wenzake wa mapaa, na Sajenti Meja Pruitt, aliyeniambia asubuhi hii, "Shemeji, nitamwita, hizo karatasi nitazijibia mimi."

Dorsey, ukiitwa, nyamaza, mpenzi, upumzike. Na ukiitika nikakusikia peke yangu, nakuahidi, sitamwambia mtu mwingine.