Jina Tulilompa Mwalimu Mutuku

Mgeni rasmi uliye mkurugenzi wetu wa elimu, mwalimu mkuu, walimu na wazazi: assalamu aleikum, na kwa wasioitikia hiyo, hamjambo.

MAKARIBISHO

Karibu Habaswein. Vumbi tulilinyunyizia maji asubuhi kwa ajili yako. Likikurukia, lisamehe, halijui itifaki.

HISTORIA

Kwetu Wasomali mtu huitwa waziwazi kwa dosari ya mwili wake. Mwalimu mkuu aliyeketi kando yako ni Bidaar, yaani kipara. Dekow, kiranja wetu, ni Dhegoole, yaani kiziwi, na huitika kwa sikio lililobaki. Hakuna anayekasirika.

MAFANIKIO

Mwalimu Mutuku alikuja kutoka Makueni kutufundisha hisabati, akichechemea. Shule ikapata A yake ya kwanza. Tulimpenda, na Dekow akamwita Langare. Mwalimu alidhani ni cheo. Sokoni wauza maziwa walimwita, "Langare, kaalay, njoo!" naye akawapungia mkono kama mbunge.

CHANGAMOTO

Siku moja alimuuliza Khalif, mwenye duka, maana ya jina hilo.

"Ni kiwete, ndugu yangu," Khalif akamjibu kwa upendo, huku akimpimia sukari.

Mwalimu akaja darasani. "Nani alinipa hili jina?"

Dekow alisimama akitabasamu, akingoja shukrani. "Ni mimi, mwalimu. Mgeni hatumpi jina. Wewe sasa ni mtu yetu."

"Nyumbani waliniita hivyo kwa Kikamba," mwalimu alisema. "Ndiyo maana nilikubali kuja huku mbali."

"Bole, mwalimu," Dekow akasema, maana P ya "pole" hutushinda Wasomali, akakwama. Kiswahili chetu ni cha dukani na ofisini: kinajua bei, kinajua kuomba ruhusa. Hata "samahani" ni ya kukanyagana kwenye foleni ya githeri. Kisomali chetu kingeweza, lakini mwalimu hakijui, isipokuwa lile neno moja.

Tangu hapo anafundisha bila kututazama. Ameomba uhamisho, na idhini ni yako.

MAOMBI

Tulitaka kukuomba umzuie. Tumeshindwa kupata maneno. Basi tunaomba mwingine, maana mtihani umekaribia. Huyo tutamwita Mwalimu tu. Hatutamkosea. Hatutamzoea pia.

Mwenyezi Mungu akufikishe nyumbani salama, kwa lugha yoyote unayomwomba.

Ni sisi, wanafunzi wa Kidato cha Nne, Shule ya Wavulana ya Geedweyn. Imesomwa na Abdilatif. Dekow alichaguliwa kuisoma, akakataa kufungua kinywa.