Mkwe Aliyeganda Mdomo Wazi

Nusu Dunia alikuwa ameshamaliza hotuba, ameshajifuta jasho, ameshainamisha kichwa kwa adabu mbele ya laptopu, ndipo Mama Birika alipomnong'oneza:

— Kaka, huyo bwana unayemwambia hajapepesa macho tangu nianze kumimina kahawa.

Kweli. Kwenye kioo, baba wa mchumba wa bintiye alikuwa amebaki mdomo wazi, kidole hewani, hatikisiki. Nusu Dunia alikuwa ameuona mdomo ule tangu mwanzo, akadhani ni ufasaha wake unaomwacha mtu hoi, ndiyo maana akazidi kunogesha.

Benchi lao liko kwenye kona, mbele ya duka la Fundi Saa, mgongo ukutani, miguu karibu kwenye mtaro. Laptopu ni ya Nusu Dunia, zawadi ya binti, ila inalala dukani kwa Fundi Saa kwa kuwa soketi ya hapo haichezi, na kila mwenye benchi huitumia apendavyo. Nusu Dunia mwenyewe aliendesha malori mpaka mipaka ilipomchoka, akajipa hilo jina kabla watu hawajampa baya zaidi. Kando yake hukaa Kipaza, aliyekuwa mtangazaji wa stendi ya mabasi. Yeye alistaafu, sauti ikakataa. Mama Birika anauza kahawa na kutoa hukumu. Leo wazazi wa kijana walikuwa mji wa mbali, wamekaa na binti sebuleni kwake, mabegi mlangoni, wakisubiri neno la baba kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Baba wa kijana alishasema: asipomsikia mzazi wa binti kwa masikio yake, tarehe ya harusi haipangwi. Na kijana anahamishiwa kazi ng'ambo, miaka miwili.

— Ameganda, alisema Nusu Dunia. Jamani, nimeongea na picha!

— Umeongea vizuri lakini, alisema Kipaza.

— Vizuri nini! Mtu kakaa mdomo wazi kama mlango wa gereji, na mimi naingiza tu malori!

Walicheka wote, naye akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Alifungua ukurasa mpya ajaribu kupiga upya. Kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Feni ya laptopu ikaunguruma kama inapanda mlima.

— Washa simu umpigie mtoto, alisema Mama Birika.

— Simu nimeizima kwa heshima ya wakwe. Na nikiiwasha nimwambie nini? Kwamba baba yake ameshindwa hata kuonekana?

Fundi Saa alitoka na lenzi yake bado jichoni, akabonyeza hapa na pale, kikatokea kidirisha chenye tarakimu nyekundu.

— Kumbukumbu imejaa. Brauza peke yake imekula karibu yote.

— Imekula nini, wakati mtandao upo? aliuliza Kipaza.

— Vumbi. Vumbi likiingia, mashine inakumbuka kitu kimoja mara mbili mbili.

— Fundi, hiyo si saa ya ukutani. Sikiliza mimi. Hizi mashine zina watu. Kuna mtu amekaa chumba chenye baridi huko, ananyonya kumbukumbu yako kwa mrija, anaiuza kwa mwenye mashine isiyokumbuka kitu.

— Kipaza, nina haraka!

— Ndiyo nakueleza! Leo amejua una jambo zito, kavuta yote kwa mkupuo.

— Mimi naona ni mvuke wa kahawa, alisema Mama Birika. Mashine haijalala siku ya tatu. Hata mimi ningeganda.

— Izime basi, uiwashe, alisema Fundi Saa.

— Juzi tulipoizima iliamka baada ya swala mbili! Wale watu wana ndege!

Nusu Dunia alishika kichwa. Hakuwa akitania tena, na benchi likajua, maana hata Kipaza alishusha sauti.

— Mnajua nilichosahau kusema? alisema Nusu Dunia. Binti yangu akifurahi sana hufunika mdomo na kugeuka pembeni. Nilitaka niwaambie wale wazee wasije wakadhani anawadharau. Maneno yote yale ya mbwembwe, hilo nikaliacha.

Feni iliunguruma.

Wakati huo muuguzi mmoja alifika, sare bado mwilini, amekuja kuchukua saa yake ya kuhesabia mapigo ya wagonjwa. Aliwaona wanne wamekizunguka kioo kama wamemzunguka mgonjwa mahututi, akachungulia.

— Shikamooni. Hizi kurasa zote huku juu, nani anazisoma?

Wakatazamana.

Juu ya brauza kurasa zilikuwa zimebanana hata majina hayasomeki. Pale kwenye benchi kuna desturi: anayekwenda haja huacha kofia mahali pake, na kofia haikaliwi. Walipoanza kutumia laptopu, desturi ikahamia humo. Kila mtu aliacha ukurasa wake wazi, na ukurasa wa mtu haufungwi.

— Zile za mpira ni zangu, alisema Kipaza. Naendelea nazo.

— Mechi imeisha wiki iliyopita!

— Matokeo sijaridhika nayo.

— Funga, Kipaza!

— Mbona hafungi Fundi? Ana video za saa mpaka za minara!

— Zile ni kazi, bwana wee!

— Na bei za kahawa tatu tatu, hizo si zangu peke yangu, alisema Mama Birika akitazama birika.

Muuguzi alisogeza mshale, akasoma kidirisha cha Fundi Saa.

— Zinazokula zaidi ni hizi ramani zenye picha za barabara. Ziko nyingi.

Kila mtu alijua ni za nani. Nusu Dunia alifungua mojamoja kila jioni: mzani wa mpakani, gereji alikolala mvua ikinyesha, kona alikopinduka akatoka na redio mkononi. Alizitazama. Alitembeza kidole kwenye vitufe.

— Kofia yangu naivua mwenyewe, alisema, akaanza kufunga.

Mzani ukaenda. Gereji ikaenda. Alipofika kwenye kona alisita, akaifunga. Kipaza aliona hivyo, akasonya, akafunga mpira wake. Fundi Saa akatoa lenzi jichoni, akafunga minara. Mama Birika aliziacha bei zife zenyewe kwa kidole cha muuguzi. Tarakimu zikashuka, wekundu ukapotea, feni ikanyamaza. Ukimya wake uliwashtua.

Zikabaki kurasa mbili: ule wenye kiduara, na mwingine.

— Na huu wenye nukta nyekundu, aliuliza muuguzi, ni wa nani?

Akaubonyeza.

Ilikuwa ni sebule ileile ya mwanzo; simu ya kwanza haikuwahi kukatwa. Watu watatu kwenye kochi, mabegi mlangoni. Picha ilitikisika kidogo, ikakaa sawa, na sauti ikarudi yote kwa pamoja. Binti alikuwa amegeuka pembeni, mkono mdomoni, mabega yanaruka. Mama wa kijana alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Baba alikuwa ameketi vilevile, ila sasa mdomo ameufunga.

— Baba! alisema binti. Tumekuita mpaka tumechoka! Sisi ndio hukutusikia. Wewe tulikusikia mwanzo mpaka mwisho!

Kahawa ilimpalia Kipaza.

— Mwisho... upi, mwanangu? aliuliza Nusu Dunia.

— Wote, baba. Na gereji.

Nusu Dunia, aliyewahi kubishana na askari wa kila mpaka, alivua kofia yake ya kweli, akaiweka kifuani.

— Mzee mwenzangu, alianza, nilichokuwa namaanisha...

Yule bwana aliinua kidole, kilekile kilichokuwa kimeganda hewani, akamnyamazisha. Akainuka, akachukua begi lake.

— Binti tumempenda. Wewe tutakuzoea.