Ukubwa wa Risasi ya Mbweha

Haya nitakayoyasema, wanangu, sikuhadithiwa na mtu wala sikuyaokota barazani. Nilikuwepo mwenyewe, kwa macho haya mawili mnayoyaona yamezama kama visima vya Najdi, na anayetaka kunibishia angoje nizikwe kwanza, maana maiti hajibu. Rania, niwekee mto mgongoni, hivyo hivyo. Rayan, zima hiyo simu. Na wewe Hamdun, ndugu yangu, usikae mlangoni kama mtu anayemngojea kafili, tajiri anayemdhamini, amsainie ikama, kile kibali cha kukaa. Sogea, unyooshe huo mguu wako hapa kwenye zulia, kwani kubwa katika maneno yangu linauhusu huo mguu.

Figo zimegoma, halas. Daktari wa mashine kaniambia kwa adabu kwamba tumwachie Mungu, na daktari akianza kukutajia Mungu ujue dawa zimemwishia. Sina huzuni. Tangu jana kila nikifumba macho nauona mchanga wa kule nje ya Riyadh unapita juu ya dari hii taratibu, rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake mbweha wanakwenda bila kukanyaga, mmoja nyuma ya mmoja, kama watu wanaotoka msikitini wakiwa hawana haraka. Nikifumbua, naiona Jeddah, naisikia mashine ya baridi inakohoa, namwona mama yenu Wahida anafuta meza iliyokwisha kufutwa. Sijui ipi ndoto. Zote mbili nzuri.

Mali yangu haichoshi ulimi. Vyumba hivi vya Nuzha si vyangu, mnajua, tumepanga. Kile chumba cha Kandara alichotuachia marehemu baba, aliyekuja hapa mwaka wa sitini na nne na sanduku moja na kanzu mbili, sehemu yangu nampa ami yenu Hamdun, asiulizwe na mtu. Cherehani ni ya Rania. Kanzu zangu mpeni yeyote mwenye tumbo. Na kazi yangu, kazi ya miaka thelathini ya kulinda kondoo wa Abu Mishaal, hiyo bosi kaniahidi kwa mdomo wake kuwa ni ya Rayan, na Rayan kesho anapanda basi, anashuka Batha, pale Riyadh, na Dancan mchungaji anamchukua kwa gari ya mizigo mpaka shamba. Ndiyo maana nasema leo. Kesho kutwa mwanangu atasimama ghalani, mbele ya bunduki tatu zinazoning'inia ukutani, aambiwe chagua. Akikosea kuchagua, si mbweha atakayelia.

Msinikatize. Mnadhani ni jambo dogo? Miye nilitoka skuli darasa la nne, hesabu zangu ni za vidole, na siku ya kwanza bosi aliponionyesha zile bunduki nikadhani nambari zake ni kama za viatu, au kama bei ya mbuzi: kubwa ndiyo bora. Wazee walisema ukubwa wa pua si wingi wa makamasi, lakini ujana hauna masikio. Sasa nakwambieni niliyojifunza, na hakuna Bedui kutoka hapa mpaka mpaka wa Kuwait atakayekwambieni vizuri kuliko miye, kwani siku moja niliangusha mbweha watatu kwa risasi mbili, na bosi akavua agali, ile kamba nyeusi ya kilemba, akanivisha.

"Juzi walikuwa wawili, baba," anasema Rania. Walikuwa watatu, mama. Wa tatu alikufa kwa aibu.

Ile ndogo kabisa huku wanaiita saktun. Nambari yake ishirini na mbili. Sauti yake ni kijiti kikavu kinachovunjika, hata kondoo hainui kichwa. Karibu na zizi, hatua hamsini, sitini, inatosha, kwani mbweha wa huku ni manyoya na ujanja, ukimkamua nyama hupati hata ya sambusa. Lakini mbali usiitumie. Mbali inamjeruhi tu, anakwenda kufa siku tatu chini ya jiwe, na hiyo ni dhambi, utaulizwa. Ya kati ni ile ya mia mbili ishirini na tatu. Risasi yake nyepesi, ina mbio kama umbea, na ukichukua zile za ncha laini inapasuka ndani ya mnyama na kubaki humo humo, haitoki upande wa pili kutafuta kazi nyingine. Hiyo ndiyo ya mbweha. Kisha iko ile kubwa, ya mia tatu na nane, inataka bega la mtu mzima, ukiifyatua jangwa zima linageuka kukutazama. Hiyo inamtoboa mbweha kama karatasi na kuendelea na safari yake, kilomita mbili, tatu, na nyuma ya kila mbweha duniani, Rayan, kuna kitu cha mtu.

Nakujua wewe. Jana nimekusikia jikoni unamwambia dada yako, "Miye nachukua kubwa, hata nikimkosea pembeni atakufa tu." Eti pembeni! Dancan, yule Mkenya anayechunga, kanipigia asubuhi. "Mzee, hawa mbweha wametumalizia wana-kondoo sita wiki hii. Tuma huyo kijana. Lakini please, asikuje na ile kitu ya kuangusha ndovu, sisi tunalala hapo nyuma ya zizi, na ukuta ni mabati tu." Nikamwambia, Dancan, wewe si ndovu? Akacheka, "Mimi ni wa mama yangu, mzee, amenizaa mmoja." Yule kijana ana mama, Rayan. Shika hilo mkononi pamoja na bunduki.

Sasa ya mguu. Wahida, maji kidogo. Basi, yatosha.

Ilikuwa baridi ile iliyopasua mabomba Riyadh, nanyi hamjazaliwa. Miye na Hamdun tumetoka Jeddah, watoto wa joto, hatujui baridi ila ya sharubati. Bosi akatupa kazi wote wawili. Hamdun alikuwa na kipaji ambacho hata leo sijakiona kwa mtu: akiweka mdomo nyuma ya kiganja na kunyonya, analia kama sungura aliyenaswa, sauti ya kukutoa machozi, na mbweha wanakuja wenyewe kama waliotumiwa kadi. Basi alfajiri moja, baada ya sala, vumbi limeshuka limejaa bonde lote, jua nyuma yake kama taa ndani ya shuka, yeye akaenda mbele hatua mia mbili akajilaza upande wangu wa kulia, akaanza kulia kisungura. Miye nimelala kifudifudi na ile kubwa. Saktun ilikuwapo, ya kati ilikuwapo. Bosi alisema, "Chukua unayotaka." Nikachukua yenye nambari kubwa.

Kukawa kimya kizuri, wanangu. Sauti ya sungura inakuja na kwenda, mchanga unateleza juu ya mchanga, sijui niko macho au nimelala, na mwili hauna uzito. Akatokea mbweha. Mweupe kama chumvi, masikio kama kanzu iliyoanikwa, mkubwa kama...

"Kama ndama," anasema Rayan. "Idi iliyopita alikuwa kama mbwa."

Cheka, cheka. Nikafyatua. Ikampita begani, ikatoka, wala haikupunguza mwendo, ikaenda kumkuta ami yenu pajani, maana alikuwa amehama mahali pake kufuata jua bila kuniambia. Nilisikia sungura amenyamaza. Kisha nikasikia mtu. Na mbweha upepo ukamfukia pale pale, nilipomtafuta hakuna hata unyoya.

Mfupa uliungwa vibaya, mnauona. Hamdun hakuendesha tena lori, ndoto yake yote ilikuwa lori. Na toka siku ile ami yenu hasemi na Abu Mishaal. Alisema, na miye nilimwitikia, kwamba bosi ndiye mwenye kosa, kumpa mtoto wa Jeddah mzinga wa kivita amwindie mbweha. Bosi alikuja hospitali akalia mbele yangu, akasema, "Ni kweli, kosa langu." Kila Idi analeta kondoo na tende, kila Idi Hamdun anazirudisha mlangoni. Miaka thelathini. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni miye, nikakaa kimya nikila mkate wa yule mzee.

Basi, maagizo. Nioshwe na Hamdun. Nizikwe hapa hapa, msisumbuke na safari za maiti. Mama yenu asibebe ndoo. Rania, usimkubali mwanamume anayekuhesabia maneno. Rayan, rukhsa ya bunduki iko kwa bosi, usitoke na bunduki nje ya shamba, na wale mbwa mwitu wakubwa usiwaguse, serikali imekataza. Chukua ya kati. Nenda kwanza kwa miguu kule unakoelekezea mtutu, ujue nani analala, nani anachota maji. Mungu akupeni macho kabla ya kukupeni shabaha. Akupeni riziki isiyoliliwa na mtu mwingine. Akupeni watu wa kukucheka mkiwa hai. Amina.

Umesema amina upesi, mwanangu, na umetabasamu. Nakuona. Unasema moyoni, nikichukua ya kati nimesalimika. Hapana... njoo. Karibu zaidi. Hamdun, na wewe. Sauti inaniacha.

Yote niliyosema niliyaona. Kitu kimoja tu nilikitunga, pale pale mchangani, kabla bosi hajafika na gari. Nimekisema mara nyingi mpaka... mpaka nakiota.

Ami yenu alipewa farwa, lile koti la ngozi ya kondoo. Watu wa Najdi manyoya wanayaweka ndani. Sisi wa Jeddah tungejulia wapi? Alilivaa manyoya nje, kama kondoo mwenyewe anavyovaa. Na miye sikumwambia, niliona limempendeza.

Niliona manyoya kwenye vumbi. Yanatikisika. Nikasikia sungura. Sikungoja nione kichwa, sikungoja nione miguu... nilitaka kuwa wa kwanza. Ingekuwa saktun ningefyatua. Ingekuwa ya kati ningefyatua, na ingepasuka ndani ya paja, na leo sina ndugu.

Bunduki haikukosea. Abu Mishaal hakukosea. Hamdun... mpigie mzee yule. Leo. Mwambie wewe, miye sitafika.

Nishike mkono. Au usinishike, haki yako.

Hakuwepo mbweha.